Wekundu Usioonekana Samburu

Vitabu vingi vya tiba vinamtaka mhudumu atafute wekundu pale nyoka alipouma. Samburu, Kaunti ya Kwale, kando ya barabara kuu ya Mombasa kwenda Nairobi, wekundu huo hujificha kwenye ngozi nyeusi ya mchungaji wa Kiduruma. Hili limenikera tangu muuguzi mmoja wa huko aliponieleza kazi yake.

Yeye hutegemea kalamu. Huchora mstari uvimbe unapokomea, akaandika saa kando yake, kisha hurudi kutazama. Uvimbe ukivuka, huchora mwingine. Nyoka aitwaye moma akiuma kifundo cha mguu, mistari hupanda kuelekea gotini kama vidato vya ngazi. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, uvimbe ukipita nusu ya mguu ndani ya saa 48 ni dalili ya kutoa dawa ya kuzima sumu. Shida, anasema, ni kwamba wagonjwa hufika wamefungwa kamba, na kamba yenyewe huvimbisha. Kalamu haitenganishi uvimbe wa sumu na uvimbe wa kamba.

Ndipo nikavutiwa na kamera ya joto, ambayo watafiti wa Brazil wameijaribu kwa watu walioumwa na nyoka wa kwao. Haihitaji mwanga, hupima joto linalotoka mwilini, na ngozi nyeusi hulitoa karibu sawa na nyeupe. Mguu ulioumwa hulinganishwa na mwenzake.

Muuguzi hakuipuuza, ila aliipima kwa mizani ya Samburu. Mgonjwa aliyetoka juani lazima apumzishwe kivulini kwanza, la sivyo kamera itapima jua. Kamba ikizuia damu, mguu hupoa na picha hudanganya. Naye koboko hushambulia neva: mguu waweza kuonekana mtulivu huku pumzi inakatika. Hapo yeye hutazama kope zinazolegea na mate yasiyomezeka, si uvimbe.

Tangu 2017 Shirika la Afya Duniani limeyaweka majeraha ya nyoka miongoni mwa magonjwa yaliyopuuzwa, na linalenga kupunguza vifo na ulemavu kwa nusu ifikapo 2030. Je, nani ataijaribu kamera hii ya joto kwa sumu ya moma wetu, kwenye joto letu? Na picha ikionyesha sumu inapanda, dawa itakuwepo kwenye friji ya zahanati iliyo karibu? Muuguzi angeanza na friji. Nami nakubaliana naye.