Sanduku la Pili la Umeme Nyumbani

Nyumba zetu hukua kadiri jamaa zikuavyo. Hapa Usagara, inapogawanyika barabara itokayo Mwanza, mkono mmoja ukienda Shinyanga na wa pili Kigongo, nyumba ya vyumba vitatu haikawii kupata vyumba vya uani, duka mbele, na pampu ya kisima. Basi meni swichi ya zamani hujaa, isibaki nafasi ya breka hata moja, na mwenye nyumba huambiwa aongeze ya pili. Shauri hilo si baya. Lakini yawapasa wakubwa kwa wadogo walifahamu kabla fundi hajashika bisibisi.

Kwanza, sanduku la pili haliongezi umeme, laugawa tu. Ukiongeza koki kumi uani, bomba litokalo barabarani ni lile lile. Umeme wa majumbani kwetu ni wa volti 230, na jiko la wati 2,300 hula ampea 10. Fikirini, basi, saa ya kukaribia kufuturu katika mwezi wa Ramadhani: jiko lawaka, birika la umeme lachemka, friji lafanya kazi, na pampu yavuta maji, vyote kwa wakati mmoja. Waya ukibebeshwa mkondo mara mbili, joto lake huzidi si mara mbili, bali mara nne. Hivi ndivyo nyumba iwezavyo kuungua pasipo mtu kuacha hata mshumaa.

Kwa hiyo fundi mwema huanza kwa hesabu. Huandika wati za kila chombo, hujumlisha, kisha hulinganisha na uwezo wa laini iingiayo nyumbani na mita ya LUKU. Mzigo ukizidi, dawa si sanduku, bali kuwaomba TANESCO nguvu zaidi, pengine fezi tatu badala ya moja. Mzigo usipozidi, sanduku jipya hulishwa kwa waya wake lenyewe, na waya huo hulindwa kwa breka isiyopita uwezo wake. Kuweka breka kubwa kwenye waya mwembamba ili isikatekate ni kumziba mdomo mlinzi apigaye kelele za mwizi.

Pili, kila sakiti ihamishwapo, ihame pamoja na nyutro yake. Nyutro ikisahauliwa katika sanduku la zamani, waya udhaniwao kuwa umekufa huweza kuwa na umeme upitao katika chombo kilichowashwa, na mkono uushikao hauna habari. Tena yafaa soketi zote zilindwe na kifaa kikatacho umeme uvujapo, cha miliampea 30, kwani breka ya kawaida haimwokoi mtu aliyeshika waya.

Tatu ni ethi. Ardhi ya Mwanza ina miamba mingi, na mwamba haupokei umeme kama udongo wenye unyevu. Fimbo iliyogonga jiwe ikaachwa hapo ni pambo tu. Masanduku yote mawili yaunganishwe na ethi moja, nayo ipimwe kwa chombo chake, isikisiwe kwa macho.

Tumeona vijana waliojifunza kufunga taa wakipewa kazi hii kwa kuwa ni rahisi kwa bei. Twawasihi wazazi wamtake fundi aonyeshe leseni ya EWURA. Wala asivunje lakiri ya mita, kwani mita ni ya TANESCO, na kuvuta umeme kabla yake ni wizi. Na kijana aipendaye kazi hii aende akasome; chuo cha VETA Mwanza ki karibu.

Kazi ikiisha, andikeni juu ya kila breka yahudumia chumba gani, na juu ya kila sanduku kwamba liko na jingine, na liko wapi. Wafundisheni watoto kwamba kuzima moja si kuzima nyumba. Siku moshi utakapoonekana hapatakuwa na nafasi ya kuuliza, na anayejua swichi ya pili ilipo huenda akawa ni mtoto aliyebaki nyumbani peke yake.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie jamaa zetu.