Butembo na Beni: uvumi unakimbia kwa WhatsApp, nani anatunza jibu?

Ujumbe wa sauti kutoka Oicha unaweza kufika Butembo kabla pikipiki haijatoka Beni. Unasema barabara imefungwa, kijiji kimeshambuliwa, au ugonjwa umerudi. Anayeupokea anautuma kwenye kikundi cha familia, cha parokia, cha wauzaji wenzake. Baada ya saa moja hakuna anayejua tena nani aliusema kwanza, wala ni wa siku gani. Mara nyingine ni wa kweli. Mara nyingine ni wa mwaka uliopita.

Nani alisema, na lini? Hayo ndiyo maswali ya kwanza ambayo mtunza maktaba huuliza juu ya kila kitabu na kila karatasi inayofika mezani pake. Katika miji hii miwili ya Kivu Kaskazini, kukosa mtu wa kuyauliza kumekwisha gharimu maisha.

Ugonjwa wa Ebola ulitangazwa tarehe 1 mwezi wa nane mwaka 2018, huko Mangina, wilaya ya Beni. Ulipomalizika tarehe 25 mwezi wa sita mwaka 2020, watu 3,470 walikuwa wameugua na 2,287 kati yao wamefariki. Mwezi wa tisa mwaka 2018, watafiti waliwahoji watu wazima 961 wa Beni na Butembo. Mtu mmoja kwa kila wanne alisema Ebola si ugonjwa wa kweli. Chini ya theluthi moja ndio waliokuwa na imani kwamba viongozi wa eneo wanatetea masilahi yao. Walioamini uvumi ndio pia waliokuwa wazito kukubali chanjo.

Kutoamini huko hakukutoka hewani. Raia walikuwa wameona mauaji ya miaka mingi bila kupata ulinzi. Halafu, mwezi wa kumi na mbili mwaka 2018, tume ya uchaguzi CENI iliahirisha kura Beni na Butembo hadi mwezi wa tatu uliofuata, ikitaja Ebola na usalama mdogo. Wengi walisema ugonjwa umeletwa kwa ajili ya siasa, au kwamba ni biashara ya watu wa riposti. Mwezi wa pili mwaka 2019, vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa moto. Mwezi wa nne, daktari wa OMS kutoka Kameruni, Richard Mouzoko, aliuawa ndani ya hospitali mjini Butembo.

Katikati ya hali hiyo, wajitolea wa Msalaba Mwekundu walianza kazi ambayo mtunza maktaba yeyote angeitambua. Walipita nyumba kwa nyumba wakiandika maneno ya wakaaji: uvumi, swali, lawama, pendekezo. Kila neno lilipangwa katika fungu lake, ili ionekane ni lipi linarudi mara nyingi na katika mtaa gani. Familia ziliogopa kwamba viungo vya maiti vinaibwa. Kuhubiri peke yake hakukutosha kujibu hofu hiyo. Ikaletwa mifuko ya maziko inayopenyeza macho, ili ndugu waone wanamzika nani.

Somo la pili lilikuwa la lugha. Shirika la Translators without Borders lilionyesha kwamba matangazo mengi yalitolewa kwa Kifaransa au kwa Kiswahili kisichozoeleka hapa, huku watu wakitaka maelezo marefu kwa Kinande na kwa Kiswahili chao. Jibu lisiloeleweka huacha nafasi kwa uvumi unaoeleweka.

Somo la tatu lilihusu chombo chenyewe. Tarehe 31 mwezi wa kumi na mbili mwaka 2018, serikali ilikata intaneti nchini kote kwa karibu wiki tatu, wakati Ebola bado inaua. Aliyetegemea WhatsApp peke yake alibaki gizani. Karatasi iliyobandikwa ukutani haikukatika.

Butembo ina Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben tangu mwaka 1989, na Beni ina chuo kikuu cha UCBC tangu mwaka 2007. Vyote vina maktaba, au bibliotheki kama wengi wanavyosema. Mwaka 2017, shirikisho la maktaba duniani, IFLA, lilitoa bango lenye hatua nane za kutambua habari ya uongo: tazama chanzo, soma zaidi ya kichwa cha habari, angalia tarehe, na nyingine. Hatua ya mwisho inasema: waulize wataalamu, na wa kwanza kutajwa ni mtunza maktaba.

Kwa miji hii, hatua hiyo inaweza kuwa namba moja ya WhatsApp na daftari moja. Mkaaji anatuma swali. Mtunza maktaba anaandika tarehe, anauliza hospitali, meya au redio, kisha anarudisha jibu fupi lenye chanzo chake. Jibu hilo hilo linabandikwa mlangoni na kusomwa redioni. Asichokijua anasema hakijathibitishwa. Jina la mgonjwa au la shahidi wa mauaji haliingii kamwe kwenye kikundi, maana linaweza kumletea kifo.

Jambo hilo limekwisha jaribiwa kwa jirani. Nchini Kenya, baada ya mapigano ya Waorma na Wapokomo huko Tana Delta mwaka 2012 na 2013, mradi wa Una Hakika ulipokea uvumi kwa ujumbe wa simu, ukauchunguza kwa msaada wa wajitolea wa vijijini, kisha ukawajibu wakaaji.

Vizuizi vipo. Umeme ni wa shida, mega zinanunuliwa, na mtunza maktaba anayeombwa kujibu usiku anahitaji kulipwa. Tena kuna sheria ya kidijitali ya tarehe 13 mwezi wa tatu mwaka 2023, inayomwadhibu anayeanzisha au kusambaza habari ya uongo dhidi ya mtu. Bila pa kuuliza, raia wa kawaida anaweza kuikosea kwa kubonyeza mara moja tu.

Ebola ilirudi Butembo mwezi wa pili mwaka 2021, kisha Beni mwezi wa kumi mwaka huo huo. Miradi hufungwa na magari yake huondoka, lakini maktaba hubaki mahali pake. Daftari la maswali na majibu likiwekwa humo, muuguzi, mwalimu na mtangazaji wa redio wanaweza kulifungua siku ile ile uvumi unapoanza tena.