Betri Ikiwa Dhaifu: Kuwasha Pikipiki ya Mradi kwa Kiki, kwa Kusukuma na kwa Kamba

Kwa watumishi wengi wa miradi yetu pikipiki ndiyo gari la kazi. Bwana shamba huifuata mihogo nayo, mwinjilisti huzungukia mitaa nayo, na muuguzi huenda nayo kwenye huduma ya mkoba. Ikigoma kuwaka kijijini, hasara yake huzidi sana bei ya betri. Chanjo zilizo katika kibebeo zinatakiwa zikae kati ya nyuzi joto 2 na 8, na barafu iliyowekwa asubuhi haisubiri fundi. Akina mama waliotembea na watoto mgongoni tangu alfajiri nao hurudi nyumbani bila huduma, na wengine hawatakuja tena mwezi ujao.

Mara nyingi kinachofuata ni simu kwenda makao makuu, na makao makuu hutuma gari. Hivyo lita kadhaa za dizeli hutumika kuifuata pikipiki ambayo ingeweza kuwashwa palepale kwa mguu. Makala hii inaeleza namna ya kufanya hivyo, na pia ni pikipiki zipi ambazo hata ukipiga kiki mpaka jioni hazitawaka.

Umeme wa stata na umeme wa cheche

Betri ya pikipiki ni ndogo. Nyingi ni za volti 12 na zina uwezo wa ampea-saa 5 hadi 9 hivi, wakati ya gari dogo hufika 40 na kuendelea. Kazi nzito kuliko zote inayofanya ni kuzungusha stata. Ndiyo maana unaweza kubonyeza kitufe ukasikia “tik, tik” tu, huku taa ya fri inawaka na honi inalia kwa kukoroma. Umeme umebaki kidogo, lakini hautoshi kuizungusha injini.

Cheche ya plagi ni jambo jingine. Katika pikipiki nyingi za zamani na za kazi, umeme wa cheche hutoka kwenye magineti ambayo huzungushwa na injini yenyewe. Pikipiki ya namna hii ukiizungusha kwa mguu inajitengenezea cheche, na betri haiulizwi. Yamaha AG100, ambayo wengi wetu tumeiendesha, haina stata kabisa. Ni kiki tu. AG200 ina vyote viwili, stata na kiki.

Kundi la pili hutegemea umeme wa betri hata kwa cheche. Humo zimo pikipiki nyingi mpya zisizo na kabureta, ambazo petroli yake husukumwa na pampu ya umeme na kupimwa na kompyuta ya injini. Hizi, kama betri imedhoofika tu, kiki inaweza kukuokoa kwa sababu stata haili tena umeme uliobaki. Lakini kama betri imekufa kabisa, taa zote giza na pampu haisikiki ikivuma unapofungua swichi, usijichoshe. Tafuta betri nyingine.

Kwa hiyo mwulize fundi wako leo, pikipiki ikiwa nzima: “Hii cheche yake inatoka wapi?” Jibu liandikwe kwenye jalada la daftari la safari, maana pikipiki hubadilisha waendeshaji. Usijaribu kulipata jibu kwa kung’oa betri na kuendesha bila hiyo. Katika pikipiki nyingi betri husaidia kutuliza umeme unaotoka kwenye magineti, na ikiondolewa balbu zinaweza kuungua, pengine hata kisanduku cha CDI.

Kupiga kiki si nguvu

Tuseme hili wazi. Nimesikia zaidi ya mara moja, katika vikao vya kugawa vyombo vya usafiri, kwamba mtumishi fulani wa kike asipewe pikipiki kwa kuwa “hawezi kupiga kiki.” Hoja hiyo haina msingi. Kiki inategemea mahali pistoni ilipo na uzito wa mwili, wala si ukubwa wa msuli wa paja. Mtu wa kilo 50 anayejua utaratibu huwasha pikipiki ambayo kijana wa kilo 80 ameipiga mateke mpaka ametoka jasho.

Kwanza hakikisha gia iko fri. Fungua koki ya mafuta, fungua swichi, na utazame ile swichi nyekundu ya kuzimia injini kwenye usukani, imewatesa wengi. Zima taa ya mbele kama ina swichi yake. Injini ikiwa ya baridi vuta choki. Ikiwa ya moto iache. Vaa kiatu kilichofunika kifundo cha mguu. Kandambili na kiki havipatani, kwani wenzo ukirudi kwa nguvu unaweza kuvunja mguu.

Sasa kanyaga kiki polepole, bila kupiga. Utafika mahali inapokaza: hapo pistoni inaubana mchanganyiko wa hewa na petroli. Isukume kidogo tu mpaka ule ukaidi ulegee, kisha uiachie kiki irudi juu kabisa. Ni hatua hii ambayo wengi huiruka. Ukianza kutoka hapo, injini hupata nafasi ya kuchapuka kabla ya kukutana na mkazo unaofuata. Simama wima kwenye mguu wa kushoto, weka uzito wote kulia, na ushuke na kiki kwa pigo moja refu hadi chini. Usivute mafuta. Usiache mguu ukiwa umenyooka kama mti. Goti lilegee kidogo. Pia usipige kiki huku pikipiki imelalia stendi ya pembeni, kwani baada ya muda stendi hupinda au kukatika.

Mapigo matano au sita yasipotosha, nusa. Ukisikia harufu kali ya petroli, injini imemeza mafuta mengi. Rudisha choki, fungua mkono wa mafuta mpaka mwisho, upige kiki mara kadhaa ili hewa iyafagie, halafu uanze upya bila choki. Plagi iliyolowa ifunguliwe na kukaushwa.

Kusukuma

Pikipiki yenye klachi ya mkono inaweza kuwashwa kwa kusukuma, nayo ndiyo njia ya zile zisizo na kiki. Tafuta mteremko mfupi usio na watu. Fungua swichi, weka gia ya pili, shika klachi, na wenzako wasukume mpaka mwendo wa kukimbia. Kaa kitini kwa uzito wako wote wakati uleule unapoachia klachi, kwa sababu gurudumu la nyuma lisipobanwa chini litaburuza tu bila kuizungusha injini. Ikishika, kamata klachi mara moja na uvute mafuta kidogo. Gia ya kwanza haifai. Hulifunga gurudumu ghafla. Kwenye mchanga au tope jaribu ya tatu. Anayesukuma aachie mapema, na asishike mahali karibu na mnyororo.

Zile za magurudumu manne

Katika mashamba na hoteli za pwani, na mara mojamoja kwenye miradi inayopokea misaada ya vifaa, zipo pikipiki za magurudumu manne. Watu huzisukuma kwa moyo wote bila mafanikio. Nyingi hazina klachi ya mkono. Hutumia mkanda au klachi inayojibana yenyewe pale tu injini inapozunguka kwa kasi, hivyo ukiyasukuma magurudumu, nguvu haifiki kwenye injini. Kuivuta kwa gari ni kujitafutia ajali, na haitawaka.

Baadhi zina kamba ya kuvuta kwa mkono kama ile ya jenereta. Weka gia fri au kwenye nafasi ya kuegesha na ufunge breki ya mkono. Vuta kamba taratibu mpaka ikaze, iache irudi, kisha vuta kwa pigo moja la haraka na lililonyooka. Usiizungushe kamba mkononi, maana injini ikirudi nyuma itavuta vidole. Usiiachie ghafla, isindikize irudi ndani. Kanuni ya cheche ni ileile: kama mtambo huo unategemea betri na betri imekufa, kamba haitasaidia. Miundo mingi mipya mikubwa haina kamba wala kiki. Basi mfadhili akituahidi chombo cha namna hii, nadhani swali letu la kwanza liwe hilo, kabla ya kushukuru kwa rangi yake.

Kuazima umeme wa gari

Gari la volti 12 linaweza kuisaidia pikipiki ya volti 12, lakini injini ya gari iwe imezimwa. Unga waya wa chanya kwa chanya kwanza. Kisha unga hasi ya betri ya gari, na ncha ya mwisho uibane kwenye chuma kitupu cha injini ya pikipiki, mbali na betri, kwa sababu betri hutoa hewa inayoshika moto na cheche ya mwisho ndiyo hatari. Ikiwaka, ondoa waya kwa mpangilio wa kurudi nyuma. Lori la volti 24 lisiguswe.

Mbona betri imedhoofika?

Kupiga kiki kila asubuhi kwa miezi mitatu si ufumbuzi. Betri ya risasi ikikaa bila chaji, chumvi huganda kwenye bamba zake, na baada ya majuma kadhaa haipokei tena umeme. Sababu kubwa ninazokutana nazo ni safari fupi za kuwasha na kuzima mara kumi kwa siku, vichwa vya betri vilivyoota ukungu wa kijani, na swichi iliyosahauliwa wazi. Taa ya wati 35 hula karibu ampea 3. Betri ya ampea-saa 5 haimalizi saa mbili. Kuiacha injini ikinguruma polepole uani pia hakusaidii sana, kwani kwa mwendo huo chaji ni ndogo mno.

Betri yenye vifuniko iongezwe maji yaliyotoneshwa tu, mpaka mstari wa juu. Tindikali haiongezwi, kinachokauka ni maji. Wapo wauzaji wanaoziita chupa zote mbili “maji ya betri,” hivyo soma kibandiko.

Kila ofisi ya mradi inaweza kuwa na mita ndogo ya umeme. Pima asubuhi kabla ya kuwasha: volti 12.6 na zaidi ni nzuri. Ikishuka kufikia 12.4 ipelekwe kuchajiwa. Chini ya 12 iko karibu tupu. Kisha pima injini ikiwa imewashwa na kuvutwa mafuta kiasi, isomeke kati ya 13.5 na 14.5. Ikibaki chini ya hapo, tatizo liko kwenye magineti au rektifaya, na betri mpya nayo itakufa vilevile. Ikiwa chaji ni sahihi, na betri iliyochajiwa usiku kucha bado haifiki 12.4 baada ya kupumzika saa chache, ombi la kununua nyingine liandikwe siku hiyohiyo, kabla ya ratiba ya kliniki kufika.