Kununua Chakula cha Mwaka Wakati wa Mavuno: Je, ni Ihtikari?



Tumeulizwa kuhusu familia ya hapa Unguja yenye kijana anayefanya kazi Sigino, Babati mjini, mkoani Manyara. Kila msimu wa mavuno huwanunulia wazee wake mahindi na maharage ya mwaka mzima. Jirani amewaambia kuwa hiyo ni ihtikari, yaani kuhodhi chakula, nao wamepata dhambi.

Hadithi ya kukataza ihtikari ni sahihi, ameipokea Imam Muslim. Lakini Imam Nawawi ameeleza kuwa iliyoharamishwa ni ya mtu anayenunua chakula wakati wa ughali kwa biashara, akakifungia ili bei izidi kupanda. Anayenunua kwa haja ya nyumba yake hamo. Na imethibiti katika Bukhari na Muslim kuwa Mtume (s.a.w.) akiwawekea ahli zake chakula cha mwaka. Basi wazee hao wale kwa raha.

Tunaongeza kuwa hapa ndipo penye nafuu kubwa ya matumizi ya nyumbani, kuliko kubana sukari ya chai. Nyumba inayopika kilo mbili za maharage kwa wiki hula kilo 104 kwa mwaka. Bei ya mavuno ikipungua kwa shilingi 800 tu kwa kilo, zinabaki shilingi 83,200 kabla ya nauli ya mzigo. Asiyeweza gunia zima ashirikiane na jirani watatu, au wacheze upatu, kila mmoja atoe na apokee sawasawa. Lakini asikope kwa riba ili anunue kwa bei nafuu! Mikopo hii ya kausha damu imeshavunja nyumba tunazozijua.

Kijana anunue kwa mizani, si kwa lumbesa. Gunia lililofura humdhulumu mkulima wa Sigino, na unafuu uliopatikana kwa kumpunja mtu hauna baraka. Akitaka kulipa kabla ya mavuno, hiyo ni bei ya salamu: inajuzu kwa sharti alipe thamani yote pale pale wanapofunga mkataba, na ijulikane aina, uzito na siku ya kukabidhiwa. Wasifunge mkataba kwa mazao ya shamba moja maalumu, kwani huenda likakosa.

Kisha kuna kuhifadhi, na hapa wengi hupoteza walichookoa. Nabii Yusuf (a.s.) aliwaelekeza watu wa Misri waiache nafaka katika mashuke yake. Sisi wa visiwani tuna unyevu, na kuna dumuzi. Anikeni mahindi yakauke hasa, tieni katika mifuko isiyopitisha hewa, fungeni barabara, wekeni juu ya mbao mbali na ukuta. Na kila mkifungua mfuko, fungeni tena papo hapo.

Wallahu aalam.