Jino Linapokunyima Usingizi

Je, msomaji, umewahi kuamshwa na jino saa nane za usiku? Katika nyumba za Kibera na Kawangware, ambako baba, mama na watoto wengi hulala chumba kimoja, jino la mtu mmoja hukesha na jamii nzima. Duka la dawa limefungwa, njia ina giza na asubuhi iko mbali. Ufanye nini?

Kwanza, mfahamu adui wako. Ndani ya kila jino mna kiini laini chenye mishipa ya damu na neva. Sukari ya chai na peremende hulisha viini vya mdomoni, navyo hutoa asidi inayolitoboa jino pole pole. Tundu likikaribia neva, kiini huvimba. Lakini kimezungukwa na ukuta mgumu, hakina pa kutanukia. Ndipo jino hupwita kama ngoma. Ukilala bila mto, damu huzidi kichwani na maumivu hupanda. Basi ongeza mto, uinue kichwa.

Pili, koroga nusu kijiko cha chai cha chumvi katika gilasi ya maji ya uvuguvugu, sukutua kisha uteme. Maji hayo huondoa mabaki ya chakula na kutuliza ufizi.

Tatu, tafuta karafuu, ile ile ya pilau. Mafuta yake yana yujenoli, dawa ya kufisha ganzi ambayo hata madaktari wa meno huitumia. Itafune taratibu karibu na jino linalouma. Ukiwa na mafuta yenyewe, tone moja kwenye pamba latosha. Yakizidi huchoma ufizi. Mtoto mdogo asipewe.

Nne, mtu mzima aweza kumeza tembe mbili za parasetamoli za miligramu 500, arudie baada ya saa sita, wala asipite tembe nane kwa siku. Mtoto apewe kipimo cha umri wake kilichoandikwa kwenye chupa. Usimpe aspirini, na hata wewe mkubwa usiibandike kwenye ufizi, kwani huunguza nyama. Petroli na maji ya betri yasikaribie mdomo wako, hata akikushauri nani.

Sasa sikiliza jambo ambalo wengi hawaambiwi. Baada ya siku kadhaa maumivu huweza kukoma yenyewe. Mtu hushukuru akidhani amepona, kumbe neva imekufa! Viini huendelea kuteremka kwenye mzizi hadi mfupani na kuleta usaha. Dawa za kuua viini zinazouzwa bila cheti haziponyi jino hilo, kwa sababu damu ya kuzifikisha ndani haipo tena.

Uso ukivimba, homa ikipanda, kumeza kukiwa taabu au mdomo ukikataa kufunguka, usingoje asubuhi. Uvimbe chini ya ulimi waweza kuziba pumzi. Amsha majirani, mwende hospitali.

Usiku ukipita salama, usirudi kazini ukasahau. Mkazi wa Kibera ana Hospitali ya Mbagathi na ile ya Kenyatta karibu. Wa Kawangware aweza kufika hospitali ya meno ya Chuo Kikuu cha Nairobi, barabara ya Argwings Kodhek, ambako wanafunzi hutibu wakisimamiwa na wahadhiri wao.

Najua utasema pesa hazipo. Lakini piga hesabu ya tembe ulizonunua moja moja mwezi huu, na siku za kibarua ulizopoteza. Tundu dogo huzibwa kwa ziara moja. Likifika kwenye neva, ni kutibu mzizi kwa gharama kubwa au kung'oa. Wahenga hawakukosea: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Karafuu imekununulia usiku mmoja. Utumie kupanga safari ya kesho.