Wanga wa Sahani

Siku niliyorudi kutoka hospitali, mwaka 2021, nikasema barazani kwamba daktari ameniamrisha nipunguze wanga, shangazi yangu alimaka. "Wanga! Nyumba hii ya babaako haijaingia wanga tangu ijengwe. Mwambie huyo daktari wako akatafute wachawi kwao." Ikanibidi nimweleze kuwa wanga uliotajwa si wale watu wa usiku wazungukao makaburini, bali ni kile kitu kilichomo ndani ya wali, mkate, muhogo na viazi, ambacho kikishafika tumboni hugeuka sukari kikaingia damuni. Akatafakari, kisha akasema kwa huruma, "Basi sema amekukataza kula."

Msomaji mpendwa, maneno hayo ya bibi mtu mzima yana uzito kuliko alivyokusudia mwenyewe. Kwetu pwani chakula ni wali. Mtu aweza kula samaki mzima na bakuli la mchicha, kisha ukimuuliza akakwambia kuwa hajala, maadamu wali haujapita kooni mwake. Vyote vingine ni kitoweo, na katika vitoweo mboga tumeipa cheo cha mwisho. Nilipokuwa chuoni, mwishoni mwa miaka ya 1970, maalim alikuwa akitutuma nyuma ya nyumba kuchuma mnavu na mchicha pale mwezi ulipokuwa ukingoni, nasi watoto tulijua maana yake: leo kwa maalim hakuna samaki. Mboga ikawa ni alama ya uhitaji, na wali wa samli ni alama ya heshima. Mgeni hapewi mboga. Akipewa, habari hufika mtaa wa pili kabla hajanawa.

Heshima hiyo ndiyo iliyomla kaka yangu mkubwa. Naye alikuwa na sukari, na dawa zake akizimeza kwa wakati, lakini hakuwa na uso wa kukataa sinia. Kila arusi, kila hitima, kila maulidi, alikaa na wenzake akala walivyokula, kwa kuwa aliona kusema "mimi siwezi" ni kumvunjia hishima mwenye karamu, na tena ni kujitangaza mgonjwa. Kidonda cha kidole cha mguu kilianza mwaka 2015. Mwaka uliofuata mguu ulikatwa chini ya goti. Alifariki mwaka 2018, Mwenyezi Mungu amrehemu. Kwa hivyo zamu yangu ilipofika sikutaka mzaha.

Walakini kutotaka mzaha nako kuna hatari yake, na hapa nitasema kosa langu nisije nikamponza mtu. Nilirudi nyumbani nikakata wali wote kwa siku moja, nikakata mahamri, nikakata hata kipande cha muhogo, nikawa nala mchicha na samaki tu, na vidonge nikivimeza vile vile. Siku ya sita, baada ya alasiri, nikaanza kutetemeka. Jasho likanitoka kama niliyebeba gunia, na maneno, ambayo ndiyo kazi yangu, yakawa hayaji. Kijana wa duka la jirani aliniwahi na gilasi ya juisi ya miwa. Nilipopimwa baadaye kidogo sukari ilikuwa 3.1, na mtu akishuka chini ya 4 yumo hatarini. Muuguzi alinigombeza kama mtoto: vidonge vya namna yangu hulisukuma kongosho litoe insulini, uwe umekula wali au hukula. Anayetaka kupunguza wanga kwa wingi, naye anameza dawa kama hizo au anajidunga insulini, kwanza aende akapunguziwe dawa. Na mwenye figo dhaifu pia aulize, maana mboga nyingi za majani zina potasiamu, ambayo figo mbovu haiwezi kuitoa.

Taibu. Baada ya kugombezwa ndipo nikafundishwa. Wali mweupe uliopikwa, gramu 100, una wanga gramu zipatazo 28. Mchicha uliopikwa, kwa uzito uo huo, una gramu 4 tu, na bamia haziachani nao. Muhogo umeupita wali, wakaribia 40. Maana yake, ukiondoa upawa wa wali ukaweka pawa mbili za mchicha, tumbo halijui kuwa limedhulumiwa, na damu inajua kuwa imepumzishwa. Kipimo nilichopewa ni chepesi: nusu ya sahani iwe mboga, robo samaki au nyama, na ile robo iliyosalia ndiyo ya wali. Ila mboga ni mboga. Sisi tuna tabia ya kupika mchuzi wa viazi, tukautia juu ya wali, tukasema tumekula mboga. Huo ni wali juu ya wali. Mbaazi, kunde na pojo nazo zina wanga wake, lakini zina nyuzinyuzi nyingi, na sukari yake huingia damuni polepole.

Vita vyenyewe vilikuwa jikoni. Mke wangu ni mpishi anayeitwa na watu, na nilipomwomba wali kikombe kimoja aliniangalia kama niliyemwambia kuwa mkono wake umeharibika. Wiki mbili tulikaa hivyo. Kisha, bila ya kusema neno, akaanza kuipika mboga kwa bidii ile ile aliyokuwa akiipikia biriani. Mabiringanya, ambayo ukiyakaanga hunywa mafuta yote ya karai, akayachoma juu ya makaa, akayamenya, akayaponda kwa kitunguu, pilipili na ndimu. Bamia akazikausha kwanza kabla ya kuzitia nyanya, zisivute. Mchunga akauchemsha na kuyamwaga maji ya kwanza ili uchungu upungue. Kisamvu kikatiwa tui jepesi, kwani nazi, ingawa haipandishi sukari kama wali, tui lake zito hunenepesha. Wapo wanaoapa kuwa karela huponya ugonjwa huu. Mimi karela naila kwa sababu naipenda, na dawa zangu nameza.

Tena tumezoea kuanza na mboga, wali ukaja nyuma. Wataalamu wa Japani na Marekani wamelijaribu jambo hili kwa wagonjwa, wakaona kuwa sukari haipandi kwa kasi mboga ikitangulia.

Na anayeona mboga ni unyonge na akumbuke hadithi ya Anas bin Malik, tuliyosomeshwa chuoni tukaipita mbio. Fundi cherehani alimwalika Mtume, sala na salamu zimfikie, akamwekea mkate wa shayiri na mchuzi wenye mumunye na nyama iliyokaushwa. Anas alimwona Mtume akiyafuata mumunye pande zote za chombo, na tangu siku hiyo naye akayapenda. Nyama ilikuwamo mle mle. Nilimsomea mke wangu hadithi hiyo, na kesho yake mumunye yalikuwa mezani.

Mwaka jana niliitwa arusini. Sinia la biriani likawekwa, tukalizunguka watu wanne. Kula kilicho mbele yako ni adabu tuliyolelewa nayo, lakini kilichokuwa mbele yangu ni kilima. Nikala matonge matatu, kipande cha nyama, kisha nikaivuta kachumbari kwangu nikakaa nayo. Mzee aliyenielekea akaniuliza kwa sauti, "Mbona huli, maalim? Umemkasirikia bwana arusi?"

Nikamkumbuka kaka yangu. Nikasema, nami kwa sauti, "Nina sukari, mzee wangu."

Pakawa kimya kidogo. Kisha yule kijana wa kushoto kwangu, ambaye sidhani kama ametimiza miaka 40, akauacha mkono wake ukingoni mwa sinia, akaniinamia. "Hata mimi, mwaka wa pili huu. Nyumbani hawajui. Wewe, maalim, wala nini?"

Nikamweleza. Watu wa kunawisha walipokuja na birika na kuliondoa sinia, sisi tungali katika bamia.