Laptopu ya Sh18,000 au ya Sh27,000: Ipi Nafuu Kweli?

Kila vyuo vinapokaribia kufungua, wazazi wengi wa Kaunti ya Kilifi hupokea picha za aina moja kwenye simu. Laptopu ya HP, "ex-UK, safi kama mpya", Sh18,000, itatumwa kwa basi la usiku na kufika Malindi asubuhi. Chini yake ipo nyingine ya kampuni hiyo hiyo, na kwa macho ya asiyezifahamu zinafanana, ila hiyo ya pili inauzwa Sh27,000. Kwa familia ya Ganze au Magarini iliyouza mbuzi ili kijana aripoti chuoni, tofauti ya Sh9,000 si ya kuchezea.

Mara nyingi ile ya bei ya chini ndiyo ghali, na sababu inaonekana kwenye nambari moja ndogo ambayo picha haiioneshi.

Laptopu hizi zina historia nzuri. Kampuni na ofisi za Ulaya na Marekani hubadilisha mashine za wafanyakazi kila baada ya miaka michache hata kama bado zinafanya kazi. Zikiuzwa kwa jumla, nyingi huishia Afrika, ndiyo maana maduka ya Luthuli na Moi Avenue jijini Nairobi, na ya Mombasa, yamejaa HP EliteBook, Dell Latitude na Lenovo ThinkPad. Ziliundwa kwa kazi ya ofisi ya kila siku: bawaba ngumu, kibodi imara, na nyingi hufunguka kwa bisibisi fundi akabadilisha RAM, diski au betri. Kwa ubora wa mwili, ya miaka sita inaweza kuishinda mpya ya bei sawa.

Neno "refurbished", yaani iliyokarabatiwa, lenyewe halithibitishi kitu. Lingepaswa kumaanisha kwamba mashine imekaguliwa, diski imefutwa, sehemu mbovu zimebadilishwa na kuna dhamana. Sokoni hutumika pia kwa mashine iliyopanguswa vumbi na kubandikwa stika mpya.

Nambari ya kusoma kwanza

Muuzaji atataja "Core i5" kwa sauti kubwa. Hilo pekee halitoshi, kwani i5 zimekuwa zikiuzwa tangu 2009. Kinachohitajika ni jina kamili la prosesa, kwa mfano i5-6300U au i5-8350U. Tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi: ya kwanza ni ya kizazi cha sita, ya pili ni ya kizazi cha nane. Nambari ikianza na 1, husomwa tarakimu mbili, hivyo i5-10210U ni ya kizazi cha kumi na i5-1135G7 ni ya kumi na moja. Jina hilo huonekana kwenye mashine yenyewe kwa kubofya alama ya Windows kwa kitufe cha kulia cha kipanya, kisha System.

Kizazi cha nane ndicho mpaka, kwa sababu mbili. Kwanza, katika kizazi hicho prosesa za i5 za laptopu za kawaida zilitoka viini viwili hadi vinne, na tofauti hiyo huhisiwa mtu anapofungua darasa la mtandaoni, hati na kurasa kumi za intaneti kwa pamoja. Pili, na hili ndilo zito zaidi, Windows 11 inakubali rasmi prosesa za Intel kuanzia kizazi cha nane, isipokuwa chache mno za kabla ya hapo. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Mpango wa nyongeza wa masasisho ya usalama kwa watu binafsi uliwekewa kikomo cha Oktoba 2026.

Kompyuta isiyopata masasisho ya usalama haizimiki. Huendelea kuwaka kama kawaida, lakini matundu ya kiusalama yanayogunduliwa hubaki wazi. Kwa mtu anayetumia mashine hiyo hiyo kuingia iTax, eCitizen, akaunti ya HELB na ya benki, hatari si ya kufikirika.

Wauzaji wanalijua hili, na baadhi yao wameweka Windows 11 kwa njia ya kukwepa masharti kwenye mashine za kizazi cha sita na cha saba. Zinawaka na zinapendeza. Microsoft yenyewe husema mashine za namna hiyo hazina uhakika wa kupata masasisho. Kwa hivyo tangazo la "ina Windows 11" halijibu swali la umri, na jina la muundo pia halitoshi. HP EliteBook 840 G3 ni ya kizazi cha sita na 840 G5 kwa kawaida ni ya nane, lakini baadhi ya G5 zilitoka kiwandani na prosesa za kizazi cha saba. Isomwe nambari yenyewe.

Je, ya kizazi cha sita haifai kabisa? Inafaa, kwa masharti. Linux Mint na Ubuntu ni mifumo ya bure, inaendelea kupata masasisho na inakimbia vizuri kwenye mashine hizo, na LibreOffice hufungua na kuhifadhi hati za Word na Excel. Mwanafunzi anayeandika insha na kusoma PDF, au mwenye duka anayepiga hesabu na kujaza fomu za serikali kwenye kivinjari, hatapungukiwa na mengi. Anayesomea usanifu majengo na kuhitaji AutoCAD atakwama. Ni vyema kuuliza idara ya chuo ni programu gani zinazohitajika kabla ya kununua; simu moja inaweza kuokoa nusu ya karo.

Hesabu kamili

Bei zifuatazo ni za mfano tu, kila mtu aweke za siku yake. Laptopu ya Sh18,000 inakuja na diski ya zamani inayozunguka, na betri yake inadumu dakika arobaini. Kubadilisha diski kuweka SSD ya GB 256, Sh3,500. Betri mpya, Sh4,500. Jumla ni Sh26,000, na bado ni ya kizazi cha sita. Ile ya Sh27,000 ina SSD, RAM ya GB 8 na betri yenye nguvu. Ikiwa ya kwanza itamfaa mwenyewe miaka miwili na ya pili miaka minne, ya kwanza imemgharimu Sh13,000 kwa mwaka na ya pili Sh6,750.

Kwa pesa karibu na hizo maduka huuza pia laptopu mpya kabisa, ndani ya boksi. Hapa wengi huvutwa na neno "mpya". Nyingi kati ya hizo zina prosesa kama Celeron N4020 yenye viini viwili, RAM ya GB 4 na hifadhi ya GB 64, na mara nyingi RAM na hifadhi vimechomelewa kwenye ubao, haviongezeki. Windows pekee hula sehemu kubwa ya hizo GB 64. Faida yake ni dhamana ya mwaka na betri mpya. Kwa kazi ya miaka mitatu au minne chuoni, ya kizazi cha nane iliyotumika vizuri ni ununuzi bora, mradi ipite ukaguzi.

Ukaguzi wa dakika thelathini

Betri ichunguzwe kwanza kwa kuwa ndiyo sehemu inayochoka mapema. Chaja ichomolewe, video ichezwe, na asilimia iangaliwe kwa dakika ishirini. Ikishuka kutoka 100 hadi 60 katika muda huo, betri haina maisha. Kipimo sahihi zaidi kimo ndani ya Windows: kwenye dirisha la Command Prompt huandikwa powercfg /batteryreport, na mashine hutengeneza ripoti inayofunguka kwenye kivinjari. Humo mna nambari mbili, "Design capacity" ni uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na "Full charge capacity" ni uwezo wa sasa. Kama ya kwanza ni 50,000 na ya pili 30,000, imebaki asilimia 60, na bei ya betri nyingine ipunguzwe kwenye mazungumzo. Muuzaji anayekataa amri hiyo ya sekunde tano ameshajibu.

Kisha mashine izimwe na kuwashwa upya huku kitufe cha mipangilio ya ndani kikibonyezwa: F10 kwa HP, F2 kwa Dell, F1 kwa ThinkPad. Ikidai nenosiri ambalo muuzaji hana, iachwe. Kufungua kufuli hiyo ni kazi ngumu na ya gharama, na mara nyingine haiwezekani. Hatari nyingine inayofanana na hiyo ni mashine ambayo bado imesajiliwa kwa kampuni ya ng'ambo. Hufanya kazi vizuri dukani, lakini siku Windows itakapowekwa upya na kuunganishwa na intaneti, itaomba anwani ya barua pepe ya mfanyakazi wa kampuni hiyo. Njia ya kulijua hili ni kuomba mashine irejeshwe kwenye hali ya mwanzo na kuwashwa mbele ya mnunuzi, ikiwa kwenye intaneti ya simu yake.

Mengine ni ya macho na vidole. Kila kitufe kibonyezwe. Skrini iwekwe rangi nyeupe tupu ili madoa yaonekane, kisha nyeusi. Kila tundu la USB lijaribiwe kwa flashi, kamera na kipaza sauti vijaribiwe kwa simu ya video. Bawaba zifunguliwe na kufungwa mara kadhaa. Zinazolia hatimaye hupasua fremu ya skrini. Kwa mashine iliyokwisha kutumika huku Pwani, matundu yaangaliwe kwa tochi, kwani hewa ya chumvi huacha kutu ya kijani au nyeupe kwenye metali, na kutu ya nje mara nyingi ina mwenzake ndani. Mikwaruzo ya kifuniko haina neno. Ni sababu nzuri ya kuomba punguzo.

RAM isiwe chini ya GB 8. Ikiwa ni GB 4 na kuna nafasi ya kuongeza, fundi ataongeza. Kwa baadhi ya laptopu nyembamba RAM imechomelewa, na hizo zinunuliwe zikiwa na ya kutosha. Kwenye ukurasa wa Activation wa Windows pia ionekane kwamba leseni imewashwa. "Office ya bure" iliyowashwa kwa programu ya wizi ni mlango wa virusi, na kuifuta halafu kutumia LibreOffice si hasara.

Mali ya nani?

Laptopu nzuri inayouzwa robo ya bei yake kwenye steji ya matatu, bila chaja na bila risiti, karibu kila mara ina mwenyewe anayeitafuta. Kifungu cha 322 cha Kanuni za Adhabu kinafanya kushughulika na mali ya wizi kuwa kosa la jinai, ikiwa mtu alijua au alikuwa na sababu ya kuamini kwamba mali hiyo imeibwa. Bei ya kushangaza ni mojawapo ya sababu hizo. Kinga ni risiti yenye jina la duka, aina ya mashine na nambari yake ya mfululizo, na nambari hiyo ilingane na iliyo chini ya laptopu.

Malipo yafanywe kwa till ya biashara badala ya simu ya mtu binafsi, ili ujumbe wa M-Pesa uoneshe jina la duka. Kwa mzigo unaotumwa na basi, muuzaji aombwe video ya mashine ikiwaka, ikionesha jina la prosesa, ripoti ya betri na nambari ya mfululizo, zote katika video moja isiyokatwa. Aulizwe pia nani atalipa nauli ya kuurudisha mzigo ukiwa na kasoro, na jibu lake liwe la maandishi.

Maduka mengi yana bango la kusema bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inasema kwamba anayeuza bidhaa kwa mtumiaji anahesabiwa kuwa amedhamini ubora wake wa kuridhisha, na sharti linalojaribu kuondoa dhamana hiyo ni batili. Bango haliishindi sheria. Hata hivyo, Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa haimlindi mnunuzi dhidi ya kasoro ambazo ukaguzi alioufanya ungepaswa kuzifichua: aliyeikagua mashine yenye ufa wa skrini akainunua hawezi kurudi kesho kulalamikia ufa huo huo. Na bidhaa iliyotumika haitazamiwi kuwa kama mpya, kwa hivyo ahadi mahususi za muuzaji, kama vile "betri saa nne" au "dhamana miezi sita", ziandikwe kwenye risiti.

Muuzaji akikataa kuwajibika, malalamiko kuhusu maelezo ya uongo yanaweza kupelekwa kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. Anayetaka kurudishiwa pesa anaweza pia kwenda Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, ambayo husikiliza madai ya hadi Sh1 milioni. Si lazima kuwa na wakili, na sheria imeweka siku 60 kesi iwe imeamuliwa. Masjala ya mahakama iliyo karibu itaeleza pa kuwasilisha dai. Mkazi abebe risiti, ujumbe wa M-Pesa, nakala za mazungumzo ya WhatsApp, ile video, na laptopu yenyewe ikiwa haijafunguliwa na fundi mwingine.